Sifuri ya Mwezi wa Tatu

Siku goti lake lilipokwama kabisa, kitabu chetu cha utafiti kilionyesha kwamba mtu huyo hana maumivu hata kidogo. Alikuwa katikati ya ubao wa kushukia lori, gunia la mahindi la kilo tisini likiwa mgongoni, mguu wa kulia ukakunjika na kukataa kunyooka. Wenzake walimshusha akiwa amekunja vile vile, kama mtu aliyeketi kwenye kigoda ambacho hakipo. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimekaa mbele yake na kumuuliza, kwa kiwango cha sifuri hadi kumi, maumivu yake yako wapi. Aliniambia sifuri, nami nikaandika sifuri. Nilijua si kweli.

Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja katika utafiti mdogo wa magoti hapa Eldoret. Swali la utafiti lilikuwa moja, limebandikwa ukutani juu ya meza yangu: mtu aliyechanika meniskasi, je, apasuliwe mara moja, au afanye mazoezi kwanza kwa wiki kumi na mbili? Meniskasi ni gegedu lenye umbo la mwezi mwandamo. Kila goti lina mawili, yamekaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na kazi yao ni kupokea kishindo. Moja likichanika, mtu huhisi kama ana kokoto ndani ya mguu. Wakati mwingine kipande kilichochanika huingia katikati ya mifupa, na goti hukwama mpaka litikiswe.

Daktari wa mifupa alituambia siku ya kwanza kwamba katika nchi za mbali swali hili limeulizwa sana, na kwa watu wengi wa makamo mazoezi na kisu huwafikisha karibu mahali pamoja.

“Lakini wale wengi wanafanya kazi wakiwa wamekaa,” alisema. “Hawa wetu wanabeba. Hatujui kama jibu lao ni jibu letu.”

Waliokubali kushiriki walipigiwa kura. Muuguzi alifungua bahasha mbele ya mgonjwa, na karatasi iliyokuwa ndani ikasema upasuaji au mazoezi. Mimi sikuruhusiwa kuwa chumbani humo. Kazi yangu ilikuwa kupima, na anayepima hatakiwi kujua nani amepata nini, asije akapendelea upande mmoja bila yeye mwenyewe kutambua. Ndiyo sababu kila mshiriki, kabla ya kuingia kwangu, alivaa soksi ya kijivu isiyo na wayo iliyofunika goti lote, nisione kama kuna kovu.

Nilipewa sheria nilizotakiwa kuzijua kwa moyo. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usimdokeze mshiriki jibu. Ukijua jambo usilopaswa kulijua, toa taarifa siku hiyo hiyo, mshiriki apewe mpimaji mwingine. Juu ya hizo kulikuwa na moja iliyohusu wagonjwa wenyewe, na ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Yeyote wa upande wa mazoezi ambaye, kufikia mwezi wa tatu tangu aanze, bado angekuwa na maumivu ya tano au zaidi, au goti lake lingekuwa linakwama, angepelekwa kwa daktari wa mifupa wiki hiyo hiyo. Daktari alieleza sababu. Mchaniko ukiwa mpya na ukiwa mahali pazuri, unaweza kushonwa. Ukiachwa na kufanyiwa kazi juu yake, unachakaa kama ncha ya kamba, na kilichochakaa hakishikiki kwa uzi. Kinakatwa na kutupwa.

Yule mzee aliletwa kwangu mwezi wa Mei. Ninamwita mzee kwa heshima tu, alikuwa bado hajafika hamsini. Alitoka magharibi kama wazazi wangu, akaja mjini akiwa kijana, akabeba magunia katika ghala la nafaka tangu hapo. Mwezi wa Aprili, mwenzake wa mbele alisimama ghafla; yeye akageuka asimgonge, mwili ukageuka na mzigo, goti likabaki linatazama mbele. Alisikia mlio. Aliendelea kubeba mpaka saa kumi, siku ikaisha.

Nilimlaza kitandani na kutoa kipimo changu cha pembe, ambacho ni rula mbili za plastiki zilizounganishwa kwa msumari.

“Daktari, hiyo rula yako inapima mpaka dhambi?”

“Inapima goti peke yake, Mzee. Na mimi si daktari.”

“Basi ni afadhali. Dhambi zangu hazingetosha kwenye hiyo karatasi.”

Siku hiyo alisema maumivu yake ni nane. Alisema bila kusita, na akanionyesha kwa kidole mahali penyewe, upande wa ndani, kwenye mstari ambapo mifupa miwili inakutana. Wiki ya sita alirudi, akasema sita. Akaniambia anachoshwa na soksi, kwamba ninamvisha kama mtoto wa nasari. Nilicheka na kuandika sita.

Juu ya fomu ya kwanza kulikuwa na swali langu mimi, si lake: Je, unamfahamu mshiriki? Niliweka alama kwenye hapana. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaabudu kanisa moja, pale Munyaka, kanisa la mabati la watu wanaovaa kanzu nyeupe na kuzunguka mtaa kwa ngoma na bendera kila Jumapili kabla ya ibada. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba ngoma kubwa. Alitangulia msafara, akiruka kila baada ya hatua nne, na watu wa mtaa walitoka kwenye milango kumtazama. Mimi nilikaa nyuma na wanawake, na jina lake kamili nililiona mara ya kwanza kwenye fomu. Nilijiambia kwamba kumjua mtu kwa ngoma yake si kumfahamu. Kama ningeweka alama ndiyo, msimamizi angemhamishia kwa mpimaji mwingine, mwanamume wa kutoka mbali asiyejua hata kanisa letu liko wapi. Lingekuwa jambo la dakika moja.

Tangu Aprili hakubeba ngoma. Alitembea mwisho wa msafara na fimbo, kanzu ameikunja mkononi isiburute matopeni. Watu walilisema jambo hilo. Kila ibada goti lake liliombewa.

Jumapili moja ya Agosti, siku tisa kabla ya kipimo cha mwezi wa tatu, wazee wa kanisa walimwita mbele wakamwekea mikono. Ngoma zilipigwa muda mrefu. Kisha akaiachia fimbo ianguke, akasimama, na mmoja wa wazee akamwambia achuchumae kwa jina la Bwana. Akachuchumaa. Akainuka. Akarudia mara ya pili na ya tatu, na wanawake wakapiga vigelegele, mama yangu akiwa mmoja wao. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya kati. Mara ya tatu nilimwona akishika ukingo wa meza ya sadaka kwa vidole viwili wakati wa kuinuka. Sidhani kuna mwingine aliyetazama vidole.

Kisha akatoa ushuhuda. Alisema hospitalini walikuwa na bahasha mbili, moja ya kisu na moja ya mazoezi, na kwamba Mungu aliuondoa mkono wa muuguzi kwenye ile ya kisu. Kanisa lilicheka na kushangilia. Mimi sikucheka, kwa sababu sasa nilijua yuko upande gani, na sikutakiwa kujua. Sheria ilinitaka nitoe taarifa Jumatatu asubuhi.

Ni lazima nieleze ushuhuda ni nini kwetu, kwa asiyetujua. Husemi unavyojisikia siku hiyo. Unatangaza kilichokwisha kutendeka, mbele ya mashahidi, na baada ya hapo kitu hicho ni cha kanisa zima. Mtu aliyesimama akasema amepona, akirudi kusema anaumwa, haonekani kama mgonjwa. Anaonekana kama aliyemfungulia adui mlango, akawaaibisha na waliomwombea. Mama yangu husema ushuhuda si sufuria ya kuazima, huwezi kuurudisha. Nimemwona akiwa na homa kali akijibu salamu zote kwa neno nimepona, kwa sababu Jumapili iliyotangulia alikuwa ameshuhudia.

Jumatatu ilipita. Mkataba wangu ulikuwa na miezi sita iliyobaki, na walikuwa wanaamua akina nani wataendelea. Sikutoa taarifa.

Kipimo cha mwezi wa tatu kilikuwa asubuhi ya baridi, mvua ikinyesha, na alikuja bila fimbo. Nilisoma swali lote kama lilivyo, siku saba zilizopita, sifuri hadi kumi.

“Sista, ulikuwepo kanisani. Hukusikia?”

“Naomba jibu la hapa, Mzee.”

“La hapa na la kule ni moja. Weka ziro.”

“Je, goti lako hukwama, hata mara moja moja?”

Alitazama dirisha. “Mungu hafanyi kazi nusu nusu. Halikwami.”

Nikamlaza. Mguu wa kushoto, ule mzima, ulilala wote juu ya kitanda. Wa kulia haukulala. Nyuma ya goti palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Nilimwomba aunyooshe kabisa. Alijaribu, na ingawa chumba kilikuwa na baridi, jasho lilitoka juu ya mdomo wake. Rula ilisema digrii kumi na mbili pungufu. Nikaandika kumi na mbili.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa umeandikwa. Tatizo ni mahali ulipoandikwa. Majibu ya maumivu yalikwenda kwenye karatasi ya manjano, vipimo vya pembe kwenye karatasi nyeupe, na karatasi hizo ziliingizwa kwenye kompyuta na watu wawili, katika vyumba viwili. Sheria ya mwezi wa tatu ilitazama ya manjano peke yake. Chini ya karatasi ya manjano kulikuwa na mistari minne ya maoni ya mpimaji. Niliiacha wazi. Karatasi ikaenda. Wiki hiyo wengine walipelekwa kwa daktari wa mifupa, naye hakuwa miongoni mwao.

Mtaalamu wa mazoezi, ambaye wagonjwa walimwita fizio, alifurahi aliposikia kwamba mtu wa magunia maumivu yamemwisha. Alikuwa mwanamke mchangamfu aliyewafundisha wagonjwa kuinua mguu wakiwa na pakiti ya unga ya kilo mbili imefungwa kwenye kifundo kwa kitambaa, kwa sababu pakiti ya unga haikosekani nyumbani. Alisema huyu hakukosa hata kipindi kimoja. Hilo lilikuwa kweli. Alifanya kila alichoambiwa, kwa fizio na kanisani.

Mwezi wa Oktoba, baada ya ibada, tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya kanisa. Mke wake alikuja akachuchumaa karibu nami. Anauza mboga kando ya barabara, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wapita njia.

“Ni wewe unamwandika baba watoto wangu huko hospitali?”

“Ni mimi, Mama.”

“Unamwandika aje?”

“Siruhusiwi kusema, Mama. Ni siri ya mshiriki.”

“Siri!” Alicheka mpaka wanawake wengine wakageuka, akapunguza sauti. “Mimi ndiye nafunga hiyo goti na leso kila asubuhi kabla avae suruali, halafu wewe mtoto unaniambia siri. Ikikwama anaenda choo, anafunga mlango, anaitingisha mpaka ilie ka. Watoto wanafikiria baba anaomba.”

“Tangu lini?”

“Tangu Julai. Hata siku ile ya kuchuchumaa, jioni nilimwekea maji moto.”

Julai. Ilikuwa kabla ya ushuhuda, kabla ya mwezi wa tatu. Nilishika sahani ile ile nikiiosha kwa muda mrefu.

“Mama, mwambie aseme akija tena. Akisema, watampeleka kwa daktari wiki hiyo hiyo.”

“Nimwambie mimi? Mwanaume amechuchumaa mara tatu mbele ya watu, mimi nimwambie asimame aseme ilikuwa uongo? Atasema nimetumwa na shetani.” Alisimama, akapangusa mikono kwenye sketi. “Si wewe ndiye uko na kalamu?”

Mavuno yalianza. Malori kutoka Sugoi na Kesses yalipanga foleni nje ya ghala kuanzia asubuhi, na mtu aliyepona hana sababu ya kutobeba. Alirudi kazini. Alirudi pia kwenye ngoma, ingawa sasa aliruka kwa mguu wa kushoto tu, na watoto wa mtaa wakamwiga wakidhani ni mtindo mpya.

Kipimo cha mwezi wa sita kilikuwa Novemba. Alikuja na vumbi la mahindi kwenye nyusi, ana haraka, lori lilikuwa linamngoja. Nilikuwa nimeamua usiku uliotangulia kwamba nitavunja sheria ya kutodokeza. Niliweka kalamu chini.

“Mzee, hapa hakuna mtu wa kanisa. Ni mimi na wewe na hii karatasi. Ukiniambia linauma, halitoki hapa kwenda Munyaka.”

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mwenzake.

“Na wewe si mtu wa kanisa?”

Mbele ya yule mwanamume wa kutoka mbali labda angesema tano, au saba, au angesema tu kwamba linakwama. Mbele yangu alikuwa bado yuko madhabahuni. Mimi niliyeketi pale na kalamu nilikuwa shahidi wake.

“Weka ziro, binti yangu. Lori linaningoja.”

Nikaandika. Digrii zilikuwa kumi na saba pungufu. Nikaandika na hizo, kwenye karatasi nyeupe. Siku nne baadaye alianguka kwenye ubao.

Walijaribu kulinyoosha pale ghalani, wawili wamemshika mabega na mmoja amevuta mguu, na aliyekuwepo aliniambia kilio chake kilisikika mpaka kwa wenye maduka ng'ambo ya barabara. Hospitalini daktari wa mifupa alimpasua kwa matundu mawili madogo na kamera. Baadaye alinionyesha picha. Kipande kilichochanika kilikuwa kimejikunja na kulala katikati ya goti, kama mkono wa ndoo ulioangukia upande wa pili. Kingo zake zilikuwa nyuzi nyuzi, zimepondwa. Alijaribu kukirudisha mahali pake na hakikukaa. Alikikata, sehemu kubwa ya gegedu hilo. Juu ya mfupa wa paja, mahali kipande kilipokuwa kikisuguana, tayari palikuwa na kidonda cha ukubwa wa ukucha.

“Hii ni ya miezi,” alisema. “Si ya juzi. Mlikuwa mnampima?”

Nilimwambia ndiyo.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa msimamizi wa utafiti. Hakupandisha sauti. Alichukua kalamu akauliza, “Ulijua tangu lini?” Nikasema Agosti. Akaandika Agosti. Akauliza kama nilimfahamu kabla. Nikasema ndiyo, na akaandika hilo pia. Niliondolewa kwenye kupima siku hiyo na kuwekwa kwenye kupanga mafaili, nimalizie mkataba humo. Niliandika taarifa ya kurasa mbili, ikapelekwa kwa kamati ya maadili.

Nilidhani kwamba nikishasema, zile sifuri mbili zitafutwa. Hazikufutwa. Msimamizi alinieleza, na ninaona ana haki, kwamba jibu la maumivu ni mali ya aliyelitoa. Hatuwezi kulibadilisha kwa sababu sisi tunaamini aliumwa. Tukianza hivyo, kesho tutabadilisha na ya mtu ambaye haumwi. Anayeweza kulisahihisha ni yeye mwenyewe, kwa fomu maalumu, kwa sahihi yake. Asipofanya hivyo, atahesabiwa upande wa mazoezi kama mtu aliyemaliza miezi sita bila maumivu, kisha akapata ajali mpya kazini. Na matokeo ya utafiti ndiyo yatakayotumika kuamua wabeba mizigo wanaokuja baada yake wangoje muda gani kabla ya kisu.

Fizio alilisema waziwazi zaidi. “Ukisoma namba tu,” alisema, “huyo ndiye mgonjwa wangu bora.” Alikuwa anafunga dirisha, hakunigeukia.

Nilitumwa nipeleke fomu mwenyewe, kwa sababu kamati ilitaka jambo lirudi kwa njia liliyojia. Hiyo ilikuwa Januari. Nilimkuta ndani, amekaa kwenye kochi, mguu juu ya kreti ya soda iliyowekewa mto, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Nyama ya paja la kulia ilikuwa imekwisha. Suruali ilikaa kama imeanikwa. Ngoma alikuwa amepewa mtu mwingine. Wazee walikuwa wamekuja wakaomba, wakaeleza kwamba uponyaji ulikuwa wa kweli, ila alirudi kwenye magunia haraka kabla ya kuimarika. Aliniambia hayo bila uchungu wowote. Ghalani walikuwa wameshamweka mtu kwenye nafasi yake, na daktari alikuwa amemwambia asibebe tena, si mwaka huu wala mwingine.

Nilimsomea fomu.

“Kwa hiyo mnataka niseme sikupona.”

“Tunataka useme uliumwa, Mzee. Mwezi wa tatu na mwezi wa sita, namba ngapi. Basi.”

“Si ni kitu kimoja?”

“Si kitu kimoja,” alisema mke wake kutoka jikoni.

“Wewe pika.”

“Ninapika. Masikio hayapiki.”

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nimeomba asiulize.

“Ningesema ule mwezi wa tatu, wangelishona?”

“Daktari anasema pengine.”

“Pengine.” Alilishika goti kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia chungu kisipinduke. “Hiyo pengine yenu ni ngapi kwa kumi?”

Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimemuuliza daktari swali hilo hilo, kwa maneno mengine. Alijibu kwamba picha ya Mei ilionyesha mchaniko ambao angejaribu kuushona. Kwamba Agosti labda bado ungeshika, labda hapana. Na kwamba hata waliopasuliwa mapema baadhi yao wanachechemea. Alisema ndiyo maana utafiti ukafanywa. Hilo sikumwambia mzee.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia ningeweza kumpeleka kwa mpimaji mwingine tangu siku ya kwanza, na kwamba nilinyamaza kwa ajili ya kazi yangu. Mke wake alikuwa ameacha kukoroga, nilisikia.

“Wewe uliandika nilichokuambia,” alisema mzee. “Mimi ndiye nilisema.”

“Nilijua si kweli, Mzee.”

“Hata mimi.”

Aliichukua fomu, akaikunja mara mbili, akasema ataiombea. Nilimwachia kalamu, ingawa nyumba ilikuwa na kalamu za watoto za kutosha.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Juzi nilipiga simu, ikapokelewa na mke. Alisema mumewe ameisoma fomu kwa sauti mara mbili, peke yake, na hajaitia sahihi. Alisema pia kwamba amewaomba wazee wa kanisa nafasi ya kusema mbele ya watu Jumapili ijayo, na hataki kuandika popote kabla ya kusema pale. Hajamwambia hata mkewe atasema nini. Wazee hawajampa jibu.

Takwimu zinafungwa Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili hiyo, na baada ya hapo hakuna kusahihisha. Nimemwandikia msimamizi nikiomba zisubiri mpaka Jumatatu. Barua imepokelewa, sahihi ya kupokea ninayo. Mpaka leo, Jumatano, hajasema ndiyo wala hapana.